Usinipigie Makofi, Nishikie Saa

Klipu ya mimi nikiogelea imepata komenti nyingi kuliko kitu chochote nimewahi kuposti, hata kuliko ile ya punda na boda pale sokoni Taveta. Nimezisoma zote. "Umenitia moyo sana." "Mungu ni mkubwa." "Na sisi wenye mikono miwili tunalalamika!" Emoji za machozi, emoji za makofi (mikono miwili, lakini sawa tu, sijakasirika). Mmoja ameandika ati akikumbuka shida zake halafu akiniangalia mimi, anapata nguvu ya kuamka. Karibu bro, chai iko.

Katika komenti zote hizo, mtu mmoja tu ndiye aliuliza: "Hizo ni mita ngapi na umetumia muda gani?"

Huyo nimembandika juu kabisa. Hii posti ni jibu lake, nyinyi wengine mnaweza kusikiliza.

Kwa wageni: mimi ni wa Njukini, huku Taveta, kwenye ile barabara ya kwenda Illasit, mahali simu yako inaweza kukukaribisha Tanzania na wewe bado umekaa kwenu unakunywa uji. Mkono wangu wa kulia unaishia chini kidogo ya kiwiko. Nilizaliwa hivyo. Hakuna stori ya ajali, hakuna mamba, pole kwa mliotaka kontenti.

Nataja mamba kwa sababu ukikulia huku, maji ni kitu unafundishwa kukiogopa kwanza. Ziwa Chala liko hapo juu, shimo la volkano lenye kina cha zaidi ya mita 90, kipande Kenya kipande Tanzania, na maji yake yanaingia kwa chini ya ardhi kutoka upande wa Kilimanjaro. Ni zuri hadi unashikwa na kizunguzungu ukisimama ukingoni. Mwaka 2002 kijana mmoja kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea huko, na tangu hapo wazazi wa huku hawahitaji hadithi za zimwi. Wanataja Chala tu, mtoto anarudi ndani. Mimi sikujifunzia Chala, niseme wazi, na wewe usiende kujaribu kwa sababu ya laiki. Nilijifunzia kwenye mfereji wa kunyunyizia mashamba, pale unapopanuka kidogo kati ya migomba, maji ya kifuani, baridi ya mlimani.

Mama alikuwa akiniambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alikuwa anamaanisha nisivue.

Na nguo zenyewe ni stori. Mashati yangu yote yalikuwa ya mikono mirefu, hata Januari jua likipasua mawe. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa unakunjwa ndani na kupigwa pini, nadhifu kabisa, Mama ana mkono mzuri wa hizo kazi. Kwenye picha za harusi za familia yetu mimi nimesimama nusu nyuma ya mtu. Hakuna aliyesema "ficha". Ilikuwa tu ndiyo desturi, kama kuvua viatu mlangoni. Kwa hivyo mfereji ndio ulikuwa mahali pa kwanza kigutu changu kupigwa na jua mbele za watu. Watoto wenzangu waliangalia siku mbili tatu, wakachoka, wakaanza kunirushia matope kama mtu mwingine yeyote.

Sasa, mbona mtindo wa chura? Vitabu vinauita mtindo wa kifua, lakini sisi tulijua chura ndiye mwalimu, na alikuwepo pale pale akitufundisha bure. Nilijaribu kwanza ule wa kurusha mikono kwa zamu, ule wanauita mtindo huru. Manze, nilikuwa nakwenda kama mkokoteni wenye gurudumu moja. Mkono wa kushoto unavuta, wa kulia unapapasa, nageuka upande, nakutana na ukingo. Kwenye chura mambo ni tofauti kwa sababu miguu ndiyo injini. Unakunja magoti, unageuza nyayo nje, unapiga teke la duara, halafu unanyooka na kuteleza. Mikono inasaidia, lakini msukumo mkubwa unatoka nyuma. Na miguu ninayo, yote miwili, ya mtu aliyekua akitembea shambani na kurudi na mkungu wa ndizi begani.

Hiyo kitu ya miguu kumbe wakubwa wa mchezo waliijua zamani. Kwenye uogeleaji wa para kila mtu ana daraja lake, herufi na namba. Herufi S ni ya mtindo huru, wa mgongo na wa kipepeo. Mtindo wa kifua umepewa herufi zake peke yake, SB, kwa sababu mwili uleule unaweza kuwa na nguvu kwenye mtindo mmoja na kupata tabu kwenye mwingine. Kwa wenye ulemavu wa viungo, S zinaanza 1 hadi 10. SB zinaishia 9. SB10 haipo kabisa. Nilipoiona hiyo nilidhani jedwali limekosewa! Baada ya hapo kuna SB11 hadi SB13 za wenye ulemavu wa macho, na SB14 ya wenye ulemavu wa akili. Namba ikiwa ndogo kwenye lile kundi la viungo, ulemavu unamzuia mtu zaidi majini. Hawaangalii ulemavu wako unaitwaje, wanaangalia unakupunguzia nini. Ndiyo maana kwenye daraja moja unaweza kumkuta asiye na mguu amepangwa kando ya asiye na kiganja, na hiyo ndiyo haki yenyewe.

Haya yote nilianza kuyajua Agosti 2021, ile Paralimpiki ya Tokyo iliyopaswa kuwa 2020 korona ikaisukuma. Nilikuwa na bando ya usiku na sina usingizi. Nikamwona Husnah Kukundakwe. Wa Uganda. Miaka 14! Mkono wake wa kulia unaishia chini ya kiwiko kama wangu, na kiganja cha kushoto nacho kina ulemavu wake. Alikuwa kwenye mita 100 mtindo wa kifua, SB8, kando ya wasichana wa nchi ambazo bwawa la kuogelea ni kama kiosk, liko kila kona. Hakuingia fainali. Mimi sikujali fainali. Nilikuwa namwangalia mikono.

Kwa sababu kuna swali lilikuwa linanisumbua miaka. Sheria ya mtindo wa kifua inasema ukifika ukutani, kwenye kugeuka na kwenye kumaliza, uguse kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Ukigusa na mmoja, umeondolewa. Sasa sisi? Kule kwenye mfereji nilikuwa nafika na mkono wa kushoto mbele, huu mwingine nimeubana mbavuni, tabia ya shati. Nikaenda kutafuta sheria za para, nikazisoma usiku huo hadi betri ikakata.

Zinasema hivi, kwa maneno yangu: kama mikono yako haina urefu sawa, ule mrefu ndio unatakiwa kugusa ukuta. Lakini mikono yote miwili lazima inyooshwe mbele kwa pamoja.

Rudia hiyo sentensi ya pili. Yote miwili. Mwamuzi amesimama pale juu ya ukuta, ameinama, anaangalia kama kigutu changu kimenyooka mbele sambamba na mwenzake. Nikikificha mbavuni nimevunja sheria. Wasee, mimi sijawahi kusoma kitu kikanifanya nikae kitandani hivyo. Kanisani wameniombea mkono, shuleni wamenionea huruma ya mkono, nyumbani wameukunjia shati vizuri. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniambia nautumia vibaya.

Na hawa watu hawana mchezo. Miguu yangu ni mizima, kwa hivyo teke langu linahukumiwa kama la yeyote: nyayo zisipogeuka nje, kwaheri, rudi nyumbani. Anayepewa ruhusa ya kufanya tofauti ameandikiwa alama zake mapema kwenye orodha ya mbio, na waamuzi wanazo mkononi. Kwenye SB11, kwa wasioona, wote wanavaa miwani iliyotiwa weusi ili yule anayeona mwanga kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Ukutani kuna mtu wa kumgonga mwogeleaji kwa fimbo yenye ncha laini, kumwambia ukuta huo hapo, geuka. Hebu fikiria unakuja kasi yote, giza totoro, unasubiri kugongwa kichwani ndio ujue umefika. Ukimaliza kufikiria hiyo, usiandike "umenitia moyo". Uliza muda.

Muda wenyewe uko hivi. Kwa wanaume wasio na ulemavu, rekodi ya dunia ya mita 100 mtindo wa kifua ni ya Adam Peaty wa Uingereza, sekunde 56.88, aliiweka 2019. Naohide Yamaguchi wa Japani, SB14, aliogelea 1:03.77 pale Tokyo na ilikuwa rekodi ya dunia ya daraja lake. Tofauti ni sekunde 6.89. Hapo umefunga kamba za kiatu kimoja.

Na kama unadhani ni mambo ya Japani na Uingereza tu, kuna Kevin Paul wa Afrika Kusini. Mita 100 mtindo wa kifua, SB9: dhahabu Beijing 2008 akiwa bado kijana mdogo, fedha London 2012, dhahabu tena Rio 2016. Mwafrika, kwenye mtindo wa chura, miaka minane juu kabisa. Nimeuliza watu kumi hapa Taveta kama wanamjua, wawili wakaniuliza anachezea timu gani.

Siwalaumu. Sisi Kenya tukisema para tunamaanisha uwanja wa riadha. Tokyo medali yetu moja ilitoka kwa Nancy Chelangat, shaba, mita 1500 T11. Paris 2024 moja pia, Samson Ojuka, fedha, kuruka chini T37. Heshima kwao, tena kubwa, hao wamebeba nchi mgongoni kila mmoja kwa zamu yake. Lakini nilipoingia ofisi moja ya mambo ya michezo (siitaji, tusigombane) nikasema mimi ni mwogeleaji, mzee wa pale aliniangalia mkono, akafikiria kidogo, akaniambia kwa upole kabisa: "Kijana, si ujaribu kurusha tufe?" Nikamwambia mkono uliobaki naupenda.

Turudi kwa swali la yule msee. Mita ngapi.

Kupata maji yaliyonyooka huku ni kazi. Mabwawa niliyoyajua mimi ni ya hoteli na loji za watalii, na hayo yamejengwa kwa ajili ya picha. Lingine lina umbo la figo. Loji ya kwanza niliyoenda, kijana wa getini alienda ndani kuuliza, akarudi akisema ati wageni wanaweza kujisikia vibaya. Alikuwa ameona haya kuliko mimi. Hoteli ya pili, upande wa Voi, walinikubalia Jumatatu asubuhi kabla wageni hawajaamka, kwa bei ya kawaida, bila hotuba. Nikaenda na rafiki yangu wa boda na tepu ya fundi. Tukapima bwawa mara tatu kwa sababu hatukuamini. Mita 18.4.

Kwa hivyo mita 100 ni kulivuka bwawa mara tano, zinakuwa 92, halafu mita 8 za ziada. Tukaweka slipa yake ukingoni pale kwenye mita 8, ndiyo ikawa utepe wangu wa kumalizia. Akashika simu. Nikaogelea.

Dakika 1 na sekunde 57.

Nilikaa pale ukingoni nikihema kama ng'ombe wa minada nikapiga hesabu. Adam Peaty angemaliza mita 100, akageuka akaogelea zingine 100 kwa kasi ileile, halafu angenisubiri sekunde tatu na kitu. Na hiyo 1:57 yangu imejipendelea, maanake kila ukigeuka unapata kusukuma ukuta kwa miguu, na mimi niligeuka mara tano. Kwenye bwawa la mita 50 unageuka mara moja tu. Hakukuwa na mwamuzi wa kuangalia kama kigutu kilinyooka kila nilipofika ukutani. Rafiki yangu anasema kilinyooka, lakini yeye alikuwa anaangalia simu.

Niwaambie ukweli, nilifurahi hadi nikashindwa kuongea. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia mimi ni mpole majini kwa kiasi gani. Sijaambiwa najitahidi. Nimeambiwa sekunde. Sekunde unaweza kuzishughulikia: kesho teke liwe pana kidogo, kesho kutwa niteleze muda mrefu kabla ya kuvuta tena. "Umenitia moyo" unaifanyia mazoezi gani?

Rafiki zangu wa komenti za machozi, mnisikie vizuri. Mkinipigia makofi kwa sababu nimeweza kuelea, mmeshaamua mbio zangu zimeisha. Mimi nataka kuanza. Nataka kupangwa kwenye leni ya pembeni kabisa, ile ya wenye muda mbaya, nimalize wa mwisho kwa umbali wa kuaibisha, jina langu liandikwe pale chini na namba kando yake. Jamaa wa loji, mzee wa tufe, na nyinyi wa emoji, kwa upole wenu wote, mnaniondoa kwenye mbio kabla sijapata hata nafasi ya kushindwa.

Sasa kikwazo chenyewe, na hapa sina utani. Mimi sina daraja. Nikiangalia mwili wangu na jedwali nakisia SB8, lakini kukisia ni kazi ya bure. Kupewa daraja la kimataifa lazima uwe na karatasi za daktari, halafu wataalamu wa mchezo wanakupima viungo kitandani, wanakuingiza majini kukuangalia ukiogelea, na bado watakuangalia tena siku ya mashindano kama ulikuwa unajifanya. Wataalamu hao hawaji Njukini. Na bila daraja, hata niogelee kasi gani, muda wangu hauna safu ya kuandikwa. Ni kama kuwa na pesa ya nchi ambayo haipo.

Najua kuna wengine. Mmoja ameniandikia inboksi kutoka Loitokitok, mguu mmoja, anaogelea mtoni. Mwingine Kilifi, baharini, haoni vizuri. Wote tunakisia madaraja yetu wenyewe kwenye simu usiku. Uganda ilimfikisha msichana wa miaka 14 hadi Tokyo, na Uganda haina hata bahari. Sisi tuna pwani nzima, na Kasarani kuna bwawa la mita 50 lililojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, kabla ya sisi wengi kuzaliwa. Wenye mabwawa ya shule na klabu pale Mombasa na Nairobi, siku moja kwa mwaka ingetosha. Bwawa lililopimwa, waamuzi wa kuogelea wanaojua hizo sheria za para, saa, na karatasi ya kuandika. Hata chakula tutakuja nacho.

Sisemi Los Angeles 2028. Naongea juu ya kupimwa tu.

Mama ameiona klipu, jirani alimwonyesha pale sokoni. Hakusema kitu siku mbili. Jumapili nikakuta amelitoa shati langu jeupe, amefungua pini, amekata mkono wa kulia hapa juu ya kiwiko na kupinda ukingo kwa cherehani. Wa kushoto ameuacha mrefu. Nikamuuliza mbona hajakata yote miwili. Akasema kitambaa cha wa kushoto hakina shida.

Kwa hivyo nitakayevaa shati la mikono isiyo sawa hapa mjini Voi wiki hii ni mimi, msishangae. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi narudi kwenye zile mita 18.4. Rafiki yangu wa boda ana mteja wa kupeleka stesheni siku hiyo, kwa hivyo natafuta mtu wa kuamka mapema. Kazi mbili: ushike saa, na uangalie mkono wangu wa kulia kila ninapofika ukutani. Nisipounyoosha, sema.